Ndege haitoshi kupima msitu, futi kamba bado inahitajika

MKULIMA wa iliki anayeishi jirani na msitu wa Amani, wilayani Muheza, anajua kwamba msitu unaweza kuonekana mzima kwa mbali huku ndani umeshafyekwa. Iliki hupenda kivuli. Kwa hiyo miti mikubwa huachwa, vichaka na miche ya chini huondolewa, kisha shamba hupandwa. Picha ikipigwa kutoka angani huonyesha kijani kitupu, lakini miti ile ikizeeka na kuanguka hakuna mingine ya kushika nafasi yake.

Ndiyo maana kipimo cha msitu si suala la wanasayansi peke yao. Wanunuzi wa hewa ukaa sasa wanafika vijijini, na malipo yao hutegemea tani. Aliyeshika mizani ndiye mwenye bei, jambo ambalo wakulima wa pamba na korosho hawahitaji kuelezwa.

Amani ni hifadhi ya serikali ya zaidi ya hekta 8,000, iliyoanzishwa mwaka 1997 katika milima ya Usambara Mashariki. Mwaka 2012 ndege yenye mtambo wa leza iliruka juu yake, katika utafiti wa wataalamu wa Norway na Chuo Kikuu cha Sokoine. Mtambo huo hurusha miale maelfu kwa maelfu kila sekunde. Mwale unaogonga majani ya juu hurudi mapema, unaopenya hadi ardhini huchelewa kidogo, na tofauti hiyo ndiyo hutoa urefu wa msitu.

Tatizo ni kwamba urefu si uzito. Msambu, ambao mbegu zake huuzwa kwa ajili ya mafuta, na mhesi, mti wa kigeni unaokua haraka na wenye mbao nyepesi, vinaweza kulingana kimo. Leza haivitofautishi kirahisi. Mtu aliye chini ya mti huvitaja kwa jina.

Kwa hiyo watafiti walitumia viwanja 153 vya ardhini, kila kimoja takriban sehemu ya kumi ya hekta. Katika kazi ya namna hii, unene wa mti hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, na mti wenye mizizi iliyotanuka kama mbao hupimwa juu zaidi. Unene, kimo na aina ya mti hutoa uzito wa kiwanja. Uzito huo hulinganishwa na miale iliyopita hapo, ndipo hupatikana kanuni ya kukadiria sehemu ambazo hakuna aliyekanyaga. Kiwanja kikiandikwa mahali pasipo pake, hata kwa mita chache, miale ya mti mmoja hupewa uzito wa mti mwingine.

Wastani ulikuwa takriban tani 460 za uzito mkavu kwa hekta. Karibu nusu yake ni kaboni, na ikigeuzwa kuwa hewa ukaa inafika kama tani 790. Asije mtu akazidisha hizo kwa bei ya soko! Kinacholipwa ni upotevu uliozuiwa au ongezeko la miti, si msitu wote uliosimama. Tena makadirio ya kiwanja kimoja kimoja yalikosea kwa karibu theluthi. Makosa hayo hupungua viwanja vikiwa vingi, lakini shaka inayobaki hukatwa kwenye tani zinazouzwa.

Kwa kijiji chenye msitu wake, viwanja vya ardhini ni fedha. Ndege ni ghali na hukodiwa mara chache, ila futi kamba hata kijiji kinaweza kununua. Huko Kitulangalo, Morogoro, wanakijiji waliofundishwa wao wenyewe walipima msitu, na vipimo vyao vilikaribiana na vya wataalamu kwa gharama ndogo zaidi. Mnunuzi akija na ramani ya rangi tu, aulizwe viwanja viko wapi, nani aliyevipima, na kama nakala ya daftari itabaki katika ofisi ya kijiji.