Mfuko Ukishafunguliwa

Samaki anayevuliwa Ziwa Tanganyika kwenda kupamba sebule ya mtu husafiri ndani ya mfuko wa plastiki wenye maji theluthi moja na oksijeni theluthi mbili. Kabla ya kufungwa humo hunyimwa chakula siku moja au mbili, ili asichafue maji machache anayosafiri nayo. Biashara hiyo ina umri wake. Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa na kituo chake Bujumbura, alikuwa akisafirisha samaki wa ziwa hilo kwenda ng'ambo miaka ya 1970, na mmoja wao, Neolamprologus brichardi, alipewa jina lake mwaka 1974. Wengi wa samaki hao ni ndugu wa perege na sato, ila wamejaliwa rangi.

Mnunuzi akifika nyumbani na mfuko wake, ushauri anaokuwa ameshapewa ni ule ule wa siku zote: uache mfuko uelee juu ya maji ya tangi robo saa, ufungue, uwe unaongeza maji ya tangi kidogo kidogo kwa saa nzima, ndipo umwachie samaki. Nusu ya kwanza ya ushauri huu haina ubaya, kwa maana inasawazisha joto. Nusu ya pili inaweza kumuua samaki aliyetoka mbali.

Chanzo ni pumzi yake mwenyewe. Samaki hutoa hewa ya ukaa kupitia matamvua, na kupitia matamvua hayo hayo hutoa amonia, taka inayobaki mwili unapovunja protini. Sisi tunaigeuza kuwa urea na kuikojoa. Yeye huimwaga majini ilivyo. Ndani ya mfuko uliofungwa vyote viwili vinarundikana saa baada ya saa. Hewa ya ukaa huyatia maji tindikali, pH inashuka, na pH ikiwa chini karibu amonia yote hugeuka amoniamu, ambayo hupenya matamvua kwa shida. Hivyo samaki anaweza kukaa katika uchafu wake siku nzima bila kudhurika sana. Fungua mfuko, na hewa ya ukaa inatoroka kama ya soda iliyong'olewa kizibo. pH inapanda, na amoniamu inarudi kuwa amonia.

Tofauti si ndogo. Katika maji ya nyuzi 25, pH ikiwa 7, chini ya asilimia 1 ya mchanganyiko wa hizo mbili ni amonia, iliyo sumu. pH ikifika 8, ni kama asilimia 5. Ikifika 9, inapita theluthi. Hapo ndipo samaki wa Tanganyika anapokuwa mashakani kuliko wengine, kwa sababu maji ya kwao yana magadi: pH yake huanzia kama 8.6 na kukaribia 9, na mfugaji makini huandaa tangi linalofanana na hali hiyo. Kila kikombe anachomimina mfukoni kinapandisha pH wakati amonia ya safari ingali humo humo. Anadhani anampa mgeni nafasi ya kuzoea, kumbe anamkolezea sumu.

Kwa samaki wa safari ndefu, basi, mfuko uelee ukiwa umefungwa hadi joto lilingane, kisha ufunguliwe, samaki achotwe kwa wavu na kuingizwa majini papo hapo. Maji ya mfuko yamwagwe. Hayana kazi tena. Aliyenunuliwa mtaa wa pili na kukaa mfukoni nusu saa ni habari nyingine. Amonia yake ni haba, na hapo kuchanganya maji polepole kuna faida, hasa kama maji ya dukani ni laini na yako ni magumu. Damu ya samaki wa ziwani ina chumvi kuliko maji yanayomzunguka, kwa hiyo maji humwingia mchana na usiku kupitia matamvua, na figo zake hazipumziki kuyatoa. Akishtuka hupumua kwa nguvu, na chumvi ya mwilini inazidi kumvuja. Mwulize muuzaji pH na ugumu wa maji yake kabla hujatoa pesa. Asiyejua kujibu, mimi ningemwachia samaki wake.

Yote haya hayana maana kama tangi lenyewe halijawa hai. Tangi jipya, hata likimeremeta vipi, halina viumbe wa kula amonia. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili kwa kiwango kikubwa zaidi. Vitabu vya ufugaji vilifundisha kwa miaka mingi kwamba kazi hiyo ya pili hufanywa na Nitrobacter. Mwaka 1998 Timothy Hovanec na wenzake walionyesha kuwa katika matangi ya maji yasiyo ya chumvi mfanyakazi mkuu ni ndugu wa Nitrospira. Mwaka 2015 ikagundulika kwamba baadhi ya Nitrospira hufanya kazi zote mbili peke yao, na kundi moja la watafiti liliwapata katika kichujio cha mfumo wa kufugia samaki nchini Uholanzi.

Bakteria hawa huzaliana kwa uvivu mno. Ndiyo maana tangi jipya huhitaji wiki nne hadi nane, likilishwa matone ya amonia au chembe za chakula, kabla ya kupokea mgeni. Njia ya mkato iliyo halali ni moja tu: omba kipande cha sponji kutoka kichujio cha tangi la zamani lenye samaki wazima. Usikioshe kwa maji ya bomba, maana klorini iliyowekwa kuua vijidudu vyetu huwaua na hawa.

Kabla ya tangi kubwa kuna karantini, tangi dogo la pembeni kwa wiki mbili mpaka nne. Wengi huiruka kwa sababu samaki "anaonekana mzima". Kimelea cha madoadoa meupe, Ichthyophthirius multifiliis, hujificha chini ya ngozi na matamvuani, na katika maji ya joto mzunguko wake hukamilika kwa muda wa wiki hivi. Kuonekana mzima siku ya kununuliwa si ushahidi wa lolote.

Kisha inakuja sehemu ambayo kipimo cha maji hakiwezi kukusaidia: majirani. Chukua Tropheus duboisi, anayekuwa mweusi mwenye vidoti vyeupe utotoni na ukubwani akavaa mkanda mweupe au wa njano. Ni mla mwani anayelinda mwamba wake kwa ukali. Ukitia mmoja katika kundi lililokwisha kugawana mawe, atafukuzwa hadi afe, na maji yakiwa safi kabisa. Wafugaji huwaingiza kumi na wawili au zaidi kwa pamoja, ili ugomvi usimwelemee mmoja. Kama lazima aongezwe mgeni, mawe hupangwa upya siku hiyo hiyo ili wenyeji nao waanze upya, na taa huzimwa.

Kuzima taa kuna mantiki kuliko watu wanavyofikiri. Katika maabara ya Russell Fernald, Chuo Kikuu cha Stanford, samaki mwingine wa Tanganyika, Astatotilapia burtoni, aliwekwa atazame madume wakipigana wawili wawili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kuwa mtazamaji aliweza kukisia nani ana nguvu hata kati ya wawili ambao hakuwahi kuwaona wakipambana. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini mgeni anayepigwa mchana kweupe hana adui mmoja tu. Wote waliokuwa wakitazama wameshampangia cheo.

Siku ya kwanza usimlishe. Tropheus akianza kukwaruza mawe na kufukuzana kidogo, mpe chakula cha asili ya mimea, kidogo, kwa kuwa utumbo wake mrefu umeumbwa kwa mwani, na vyakula vizito vya nyama humletea uvimbe wa tumbo unaoua. Pima amonia na nitriti kila siku wiki ya kwanza. Nitriti ikionekana, badilisha theluthi ya maji na utie chumvi kiasi: nitriti huiharibu hemoglobini hadi damu ikawa ya kahawia na kushindwa kubeba oksijeni, lakini kloridi ya chumvi hushindana nayo mlangoni mwa matamvua. Samaki aliyejitenga pembeni, asiyekula, na kinyesi chake ni uzi mweupe, mrudishe karantini leo hii. Kesho tumbo litakuwa limeshavimba.