Treni za Abiria Reli ya Kati: Kutoka Mvuke Hadi Umeme

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianzia Dar es Salaam mwaka 1905, enzi za utawala wa Wajerumani. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Vichwa vya treni vya wakati huo viliendeshwa kwa mvuke, hivyo vililazimika kusimama mara kwa mara kuongeza maji na kuni. Kandokando ya vituo hivyo vilikua vijiji na masoko.

Vichwa vya dizeli viliondoa haja ya maji, lakini treni ya kawaida iliendelea kuhudumia vituo vidogo. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, huduma ilikabidhiwa Shirika la Reli Tanzania. Tatizo sugu limekuwa mafuriko, hasa kati ya Kilosa na Gulwe, ambako maji yamekata njia mara kadhaa.

Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, kisha Dodoma, kwa mwendo unaofikia kilomita 160 kwa saa. Hata hivyo, treni ya kasi haiwezi kusimama kila kijiji. Kwa mkazi aliye mbali na stesheni, safari huanzia kwenye basi au bodaboda. Kwa sababu hiyo, barabara za kuelekea stesheni zinastahili kutunzwa kama reli yenyewe.

Wananchi wanakumbushwa kuhakiki ratiba na kufika stesheni mapema.