Je, Wajua? Dawa Mbili, Jicho Moja

Februari 1858, Richard Burton na John Speke walipofika Ziwa Tanganyika kwa njia ya misafara iliyopitia Kazeh, Tabora ya leo, Speke alikuwa karibu kipofu kwa maradhi ya macho.

Leo, anayelima mpunga au mahindi kwenye njia hiyohiyo anaweza kuchomwa jichoni na jani, na kuvu aina ya Fusarium wakaota ndani ya konea, kioo cha mbele cha jicho. Hapo kila siku ina thamani.

Tiba kuu ni matone ya natamisini, dawa iliyopatikana miaka ya 1950 kutokana na udongo wa Natal, Afrika Kusini. Hunasa egosteroli, mafuta yaliyomo katika utando wa kuvu, lakini haizami sana ndani ya konea. Dawa nyingine, vorikonazoli, huzama zaidi, nayo huzuia mafuta hayo yasitengenezwe.

Basi mbili zishinde moja? Si lazima. Jaribio la India na Nepal lililochapishwa 2016 lilionyesha kuwa, kwa wagonjwa waliokwisha kupewa matone, kuongeza vidonge vya vorikonazoli hakukuwaletea nafuu kwa ujumla, ingawa wenye Fusarium huenda walifaidika kidogo.