Pete Inayowaka na Pete Iliyonyamaza

Galaksi inayoitwa NGC 1097 iko katika anga la kusini, kwenye kundinyota la Tanuri, umbali wa miaka nuru milioni 45 hivi kutoka kwetu. William Herschel aliiona mwaka 1790, ila darubini yake haikuwa na uwezo wa kumfunulia kilicho katikati yake. Humo ndani, mbali na ile mikono miwili mirefu inayojipinda kwa makumi ya maelfu ya miaka nuru, ipo pete yenye upana wa miaka nuru 5,000 tu. Picha za darubini ya VLT iliyoko Chile, zilizotolewa mwaka 2005, zilionyesha ndani ya pete hiyo sehemu zaidi ya 300 ambako nyota zinazaliwa.

Tunajuaje kuwa zinazaliwa sasa, na si mabaki ya zamani? Jibu limo katika rangi. Nyota nzito sana huwa na joto kali na mwanga wa buluu, nazo huishi muda mfupi, miaka milioni chache, kisha hulipuka. Mwanga wake mkali huipasua hidrojeni iliyozizunguka, na gesi hiyo hutoa wekundu ambao darubini huutambua mara moja. Kwa hiyo penye buluu na wekundu huo pana nyota changa. Zaidi ya hayo, kati ya mwaka 1992 na 2003 supanova tatu, yaani milipuko ya nyota, zilionekana katika galaksi hiyo moja. Sisi, katika Njia Nyeupe yetu, hatujaona supanova kwa macho tangu mwaka 1604.

Pete za namna hii si adimu. Orodha kubwa iliyochapishwa mwaka 2010 ilikusanya pete 113 katika galaksi 107, na waandishi wake walikadiria kuwa galaksi moja kati ya tano zenye umbo la sahani ina pete ya nyota changa katikati. Miongo mingi kabla ya hapo, katika miaka ya 1960, José Luis Sérsic na Miriani Pastoriza wa Córdoba, Argentina, walikuwa wameshachunguza galaksi zenye madoa angavu kwenye kiini, wakatambua kwamba kwa kawaida galaksi hizo zina mhimili: mkanda wa nyota ulionyooka unaokatiza katikati, na mikono huanzia kwenye ncha zake. Nadhani kazi yao haitajwi inavyostahili. Walikuwa wameushika uzi wenyewe.

Mhimili ndio unaoleta gesi. Gesi iliyo kwenye sahani ya galaksi huzunguka kiini, na kwa kawaida haina sababu ya kuanguka ndani. Mhimili nao huzunguka, na mvuto wake huyumbisha njia za gesi mpaka mikondo inagongana. Penye mgongano gesi hubanwa, hupoteza sehemu ya mwendo wake wa mzunguko, na huanza kuteremka kuelekea katikati kupitia michirizi miwili ya vumbi ambayo katika picha za NGC 1097 inaonekana kama mistari myeusi. Lakini haifiki moja kwa moja kwenye shimo jeusi lililo kwenye kiini, ambalo uzito wake ulipimwa mwaka 2015 kwa darubini ya ALMA ukawa sawa na majua milioni 140. Ikifika umbali fulani, gesi hukuta njia za karibu mviringo ambamo inaweza kuzunguka bila kugongana tena. Huko ndiko inakorundikana, na pete huzaliwa. Hata hivyo, mhimili si sharti: katika ile orodha ya mwaka 2010, takribani moja ya tano ya pete zilikuwa katika galaksi zisizo na mhimili.

Nyota huanzia wapi ndani ya pete? Wanaastronomia wameyapa mawazo yao mawili majina ya kupendeza. La kwanza ni bisi: gesi inajaa pete nzima, kisha nyota zinachomoza popote, bila mpangilio. La pili ni shanga kwenye uzi: nyota zinazaliwa pale michirizi ya vumbi inapoungana na pete, halafu makundi yake yanasogea na mzunguko huku yakizeeka, ya kwanza mbele, machanga nyuma. Mawazo haya yanaweza kupimwa, kwa sababu mzunguko mmoja wa pete kama ya NGC 1097 huchukua miaka milioni 15 hadi 20 hivi, muda unaotosha nyota nzito kuzaliwa na kufa njiani. Mwaka 2008 Torsten Böker na wenzake walipima umri wa madoa angavu ya pete katika galaksi tano. Matokeo yaliegemea upande wa shanga, ingawa wao wenyewe waliyaita ya awali.

Sasa tugeukie nyumbani. Njia Nyeupe nayo ina mhimili, na gesi nzito imejikusanya kuzunguka kiini chake, kiasi cha majua makumi ya mamilioni. Mwaka 2011 darubini ya angani ya Herschel ilionyesha sehemu ya gesi hiyo ikiwa imejipanga kama pete iliyopindika. Kwa hesabu ya kawaida, huko kungekuwa na uzazi mkubwa wa nyota. Haupo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa nyota zinazozaliwa ni pungufu mara kumi au zaidi kuliko wingi wa gesi unavyoahidi. Wingu moja lililopewa jina la Tofali lina gesi ya zaidi ya majua 100,000, na karibu hakuna nyota changa ndani yake.

Hapa ndipo panaponivutia kuliko kwingine kote. Gesi ya pale ina joto zaidi na mivurugo mikali kuliko ya mawingu yaliyo karibu nasi, na uga sumaku wake una nguvu, kwa hiyo mvuto unashindwa kuikusanya. Hali hiyo haikuwa ya siku zote. Makundi ya nyota ya Arches na Quintuplet, yaliyo karibu na kiini, yana umri wa miaka milioni chache tu, na utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kiasi cha miaka bilioni moja iliyopita palikuwa na wimbi kubwa la uzazi baada ya ukimya wa mabilioni ya miaka. Mwaka huohuo, darubini ya redio ya MeerKAT katika jangwa la Karoo, Afrika Kusini, ilifichua mapovu mawili ya redio yenye urefu wa jumla wa miaka nuru 1,400, dalili ya tukio kubwa la miaka milioni chache nyuma. Kwa maoni yangu, kuwa na gesi hakutoshi. Uzazi huja kwa vipindi, na sisi tumeishi katika kipindi cha utulivu.

Takwimu nyingi za darubini kama ALMA, Hubble na MeerKAT huwekwa hadharani baada ya muda wa kungoja. Mwanafunzi wa fizikia wa Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuzipakua na kuanza kupima pete hizi mwenyewe. Walimu wake wamwonyeshe pa kuanzia.