Waalimu Wawili wa Rabai

Mtu atakaye kujua jinsi dini inavyoweza kufundishwa kwa upole na aziangalie habari za Rabai, kijiji kilicho juu ya kilima, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Mombasa.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha wamisionari cha Kiingereza, alifika Mombasa mwaka wa 1844. Mwezi wa Julai mwaka uo huo mkewe, Rosine, alikufa kwa homa, na mtoto wao mchanga akamfuata. Mtu mwingine angalirudi kwao. Krapf alikaa, na kabla ya kuwa mwalimu alikubali kuwa mwanafunzi. Aliketi na kadhi wa Mombasa, Mwislamu mwenye elimu, wakafasiri pamoja Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Kila mmoja alishika dini yake, na kazi ikaendelea.

Mwaka wa 1846 akaja mwenziwe, Johannes Rebmann, nao wakahamia Rabai hali wote wawili ni wagonjwa wa homa. Hawakuwa na askari wala amri ya serikali yo yote juu ya watu wale. Walikaa kwa ruhusa ya wazee, na wazee wangaliweza kuwafukuza siku yo yote.

Yafaa kusema kweli kwamba Krapf hakuwa mpole siku zote. Mara nyingine aliwakemea wazee kwa ajili ya ulevi na uganga, na maneno hayo hayakuzaa kitu. Aliyeisikia Injili kwanza alikuwa Mringe, kiwete maskini, ambaye Krapf alikaa naye na kuzungumza kama mtu na mgeni wake. Mringe alibatizwa akiwa karibu kufa. Baada yake akaamini Abe Gunja.

Krapf aliondoka mwaka wa 1853 kwa sababu ya ugonjwa, Rebmann akabaki. Vitabu vya shule humtaja kwa theluji ya Kilimanjaro, aliyoiona mwaka wa 1848 na ambayo mabingwa wa Ulaya walikataa kuisadiki. Lakini kazi yake ya kila siku ilikuwa kuuliza maneno na kuyaandika katika kamusi, mwaka baada ya mwaka, akijifunza kwa watu wale wale aliotaka kuwafundisha.

Sir Bartle Frere alipozuru Rabai mwaka wa 1873 alikuta Wakristo wachache tu, na mzee ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kuharibika. Kwa hesabu za karani hiyo ni hasara tupu. Hata hivyo, hesabu hizo hazina safu ya kuandikia jambo lililotokea mwaka wa 1875, Rebmann alipoondoka baada ya miaka 29. Alikuwa kipofu, hawezi kusafiri peke yake. Aliyefuatana naye hata Ulaya, akimwongoza, alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja.