Vidonge vya Kifafa Viwekwe Wapi?

Nyumba nyingi zenye mgonjwa wa kifafa zina bahasha ya vidonge vidogo vya fenobabitoni. Dawa hii yatumika tangu mwaka 1912, bei yake ni nafuu, na sisi wauguzi tumeona watoto wakirudi darasani kwa ajili yake. Lakini ikizidi kipimo huleta usingizi mzito, na pumzi hupungua hata kusimama. Pombe huzidisha hatari hiyo. Wala haiishi kwa usiku mmoja: kwa mtu mzima, nusu yake tu huchukua siku 2 hadi 5 kutoka mwilini.

Ajali huanza kwa mambo madogo. Mama amempa mtoto dawa asubuhi, bibi naye, kwa upendo, anampa tena. Dozi ya jana imesahauliwa, leo zinamezwa mbili. Au vidonge vya 30 mg vimekwisha, vikatolewa vya 60 mg, na idadi ikabaki ile ile! Mdogo wake naye hudhani ni peremende.

Mgonjwa akiyumba kama mlevi, akikokota maneno, au akilala asiamke upesi, mpelekeni hospitali mara moja, pamoja na bahasha. Mlazeni kwa ubavu. Msimtapishe, wala msimnyweshe maziwa kama wengi wafanyavyo. Maziwa hayaondoi sumu, na yaweza kuingia mapafuni. Hakuna dawa maalumu ya kuizima fenobabitoni. Kazi ya hospitali ni kumsaidia apumue mpaka imtoke. Kama amemeza kabamazepini, msingoje dalili, kwa kuwa huweza kuchelewa, kisha ikashika moyo.

Liko na jambo ambalo majumbani hunong'onwa tu. Binti aliyevunjiwa uchumba kwa sababu ya kifafa aweza kuvitazama vidonge hivyo kwa jicho lingine. Mama, muulize waziwazi kama anafikiri kujiua. Swali hilo halimtii wazo. Dawa azishike mtu mwingine, ampe ya siku ile tu. Ikiwa amekwisha kumeza, asikaripiwe wala kuhubiriwa njiani. Hospitali kwanza.

Msizitupe dawa kwa hofu, maana kuziacha ghafla huweza kuleta degedege lisilokoma. Ziwekwe kabatini juu, kwa kufuli, na mtoaji awe mmoja, akiweka alama kwenye kalenda kila atoapo.