Je, Wajua? Jiwe Laini la Kuanzia Uchongaji

Je, wajua kwamba vilima vya Gwassi, vinavyoonekana kutoka mji wa Magunga magharibi mwa Kenya, ni masalio ya volkano ya kale iitwayo Kisingiri? Mawe ya volkano mara nyingi ni magumu, nayo humkatisha tamaa haraka anayejifunza kuchonga. Afadhali aende Tabaka, katika kaunti jirani ya Kisii. Huko huchimbwa jiwe la sabuni, lenye madini ya talki, laini kiasi cha kukwaruzika kwa ukucha.

Wachongaji wa Tabaka hawahitaji mashine: panga hutoa umbo la jumla, kisu na tupa hufuata, kisha jiwe husuguliwa kwa msasa likiwa ndani ya maji na kung'arishwa kwa nta. Kazi ya kusugua hufanywa zaidi na wanawake, nayo inastahili sifa zaidi kuliko inavyopewa. Maji hayo pia huzuia vumbi, ambalo hudhuru mapafu. Wakati wa kukata jiwe kavu, vaa barakoa.

Kabla ya kuanza, gonga jiwe: likitoa sauti butu, huenda lina ufa ndani. Chora umbo pande zote, si mbele tu. Anza na samaki au ndege aliyetulia, kwa maana shingo nyembamba huvunjika, na kilichokatwa hakirudi.

Mchongaji Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka, alianzia kwenye jiwe hilihili; sanamu yake ya ndege iko makao makuu ya UNESCO, Paris.